Mcheza Kwao Hutunzwa: Hukumu ya Waimbaji wa Kike Kariakoo

Methali isemayo "mcheza kwao hutunzwa" imezoeleka mno hata masikio hayaisikii tena. Hutajwa harusini, hutajwa mikutanoni, hutajwa kiwanjani timu inapocheza mbele ya watu wake. Na kila anayeitaja huitaja kwa furaha, kana kwamba ni pongezi. Lakini anayeipima kwa utulivu ataona kuwa methali hii ina shtaka ndani yake. Haikusema kuwa mcheza vyema hutunzwa. Imesema mcheza kwao. Wahenga walikwishajua kuwa tunza hufuata udugu, mtaa na kambi kabla ya kufuata ufundi, wakalisema jambo hilo kwa maneno matatu, wakaliacha hapo. Swali waliloliacha ndilo linalostahiki kuulizwa juu ya mashindano ya waimbaji wa kike katika jiji la Dar es Salaam, na khasa katika mitaa ya Kariakoo: mwanamke anaposimama mbele ya watu kushindana na mwenziwe, ni nani anayemhukumu, na anamhukumu kwa kipimo gani?

Kariakoo ni mahali panapofaa kuuliziwa swali hilo kwa sababu neno "kwao" halikupata kuwa jepesi pale. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa katika eneo hilo. Ukiwaacha Wazaramo na Washomvi, ambao mji uliwakuta, waliobaki waliwafuata wenyeji hao mmoja mmoja: Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wanyamwezi, Wangazija, Waunguja na wengineo. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, ilipangishwa chumba chumba, na katika ua mmoja waliweza kukutana wanawake ambao mama zao wasingeelewana lugha. Ndani ya ua huo watu walipika, walisukana, waligombana na kupatanishwa. Na ndani ya ua huo huo nyimbo zilifundishwa. Mtu hakuwa kwao kwa kuzaliwa tu. Ilimpasa apafanye pawe kwao.

Vyama vya ngoma vilikuwa njia mojawapo ya kupafanya. Katika beni, Marini na Arinoti walishindana katika miji ya pwani kwa sare, kwa gwaride na kwa nyimbo. Wanawake nao walikuwa na lelemama. Mombasa walikuwapo Ibinaal Watan na Banu Saada, ambao ushindani wao uliwagawa wanawake wa mji mzima. Unguja vilikuwapo vyama vya taarabu vya wanawake vilivyojiita kwa majina ya majeshi ya Kiingereza, Royal Navy na Royal Air Force, jambo ambalo peke yake linaeleza roho ya mashindano hayo. Katika michezo ya namna hii hapakuwa na meza ya majaji. Chama kimoja kikitoa sare mpya, cha pili kilipaswa kutoa iliyo bora zaidi. Kimoja kikitupa fumbo, cha pili kilipaswa kulifumbua na kulirudisha likiwa na miba zaidi. Aliyeshindwa alikuwa yule aliyekosa jibu. Hukumu ilitolewa na ukimya wa mshindwa, na mji wote ulikuwa shahidi.

Kipimo hicho, ingawa hakikuandikwa popote, hakikuwa duni. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam, kilimpata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Bibi Titi aliwaendea viongozi wa vyama vya ngoma vya wanawake, na kupitia kwao wanawake kwa maelfu wakakata kadi. Wanahistoria wa siasa wamelieleza jambo hili mara nyingi. Wahakiki wa sanaa wamelipita upesi, ilhali lina somo lao. Wanawake hao hawakumfuata mtu wasiyemjua. Walikuwa wamekwisha kumpima kwenye ngoma: kama ana sauti ya kufika mwisho wa umati, kama ana kumbukumbu ya kushika beti nyingi, kama ana wepesi wa kujibu papo hapo bila kuteleza ulimi. Mji uliokuwa na uwezo wa kuhukumu ngoma ulikuwa tayari na uwezo wa kumchagua msemaji wake. Kwa hiyo anayedhani kuwa hukumu ya uimbaji ni mchezo wa kupitisha jioni na aukumbuke mwaka huo.

Ama katika taarabu ya ukumbini, hukumu ilipata sura nyingine, nayo ni tunza. Kila aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarabu, uwe ni DDC Kariakoo au mwingine wowote, anaijua. Mwimbaji ameingia ubeti wa pili. Mwanamke mmoja anainuka kitini taratibu, anajitengeneza mtandio, anakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, noti ameishika kwa vidole viwili juu ya kichwa ili ionekane na wote. Hana haraka. Akifika mbele ya mwimbaji hamtazami sana mwimbaji. Macho yake yanazunguka ukumbini mpaka yatue mahali fulani, na aliyetuliwa na macho hayo anajua kuwa ametuliwa. Kisha noti inawekwa mkononi mwa mwimbaji, au inabandikwa kwenye paji la uso, na mtunzaji anarudi kitini akicheza. Pengine kabla wimbo haujesha atainuka yule aliyetazamwa, naye atatunza mshororo mwingine wa wimbo ule ule, na jibu litakuwa limetolewa.

Hapa ndipo ilipo ajabu ya mfumo huu na ndipo ulipo udhaifu wake. Tunza inaonekana kuwa ni alama anayopewa mwimbaji, lakini kwa hakika ni kauli anayopelekewa mtu wa tatu. Mwimbaji amekuwa mjumbe. Noti haisemi "umeimba vizuri", inasema "maneno haya ni yangu, na yule pale ndiye ninayemwambia." Kwa hiyo wimbo unaotunzwa sana si lazima uwe bora kuliko wenzake. Ni wimbo uliogusa ugomvi ulio wa wengi: mke mwenza, jirani mwenye husuda, wifi mchokozi, rafiki aliyegeuka. Mtunzi anayelijua hilo ataandika kwa kuufuata ugomvi, na mwimbaji anayelijua hilo ataukaza mshororo wenye sumu na kuupitisha kwa haraka ule wenye hekima. Sanaa inakuwa mtumishi wa hakimu wake, na hakimu mwenyewe ni mdai katika kesi.

Mambo yalifikia kilele miaka ya 1990. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, kundi la Tanzania One Theatre, maarufu kwa jina la TOT, lililokuwa na uhusiano na Chama cha Mapinduzi na likiongozwa na Kapteni John Komba, lilikutana uwanjani na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. Makundi yote mawili yalikuwa na kila kitu katika onyesho moja: ngoma, maigizo, sarakasi, kwaya. Hata hivyo kilichojaza kumbi kilikuwa taarabu, na katika taarabu kilichojaza kumbi kilikuwa ushindani wa wanawake wawili, Khadija Kopa na Nasma Khamis, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kidogo. Neno "mipasho" likaenea mpaka kwa watu wasiojali taarabu. Watu waligawanyika majumbani na katika daladala kama wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga, timu ambazo nazo zina majengo yao katika mitaa hiyo hiyo ya Kariakoo na Jangwani.

Je, nani alishinda? Swali hili bado huulizwa na watu wa rika lile, na namna wanavyolijibu inafundisha kuliko jibu lenyewe. Mmoja atasema alishinda fulani kwa sababu siku fulani alipewa noti nyingi. Mwingine atasema alishinda fulani kwa sababu maneno yake yaliuma. Wa tatu atataja nguo. Ni wachache watakaosema alishinda fulani kwa sababu alishika pumzi mpaka mwisho wa kipande, au kwa sababu alilitamka neno likasikika mpaka mlangoni. Hukumu ilitolewa, na ilikuwa na matokeo: mwenye kutunzwa alitafutwa na makundi, alihamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine kama mchezaji wa mpira, asiyetunzwa alirudi kwenye kiitikio, na baadaye nyumbani. Riziki za wanawake zilitegemea hukumu ambayo sababu zake hazikuelezwa.

Ili kuuona mfumo huu vizuri, inafaa kuulinganisha na mwingine ulio mbali nao kwa kila hali. Katika nchi za baridi uko mchezo wa kuteleza juu ya barafu kwa kufuata muziki, ambamo wanawake hushindana kwa miruko, mizunguko na mwendo wa mwili. Afrika Mashariki mchezo huo haukupata mizizi, ijapokuwa uwanja wa barafu ulifunguliwa katika Hoteli ya Panari, Nairobi, mwaka 2005. Kwa miaka mingi majaji wake walitoa alama ambazo kilele chake kilikuwa sita: alama moja kwa ufundi, nyingine kwa uzuri wa maonyesho. Hapa mtu angedhani haki imepatikana. Kuna meza, kuna majaji waliosomea kazi yao, kuna tarakimu. Lakini mwaka 1994, katika mashindano ya dunia huko Chiba, Japani, Yuka Sato wa Japani na Surya Bonaly wa Ufaransa walikaribiana mno, na Sato akapewa ushindi kwa majaji watano dhidi ya wanne. Bonaly, mwanamke mweusi mwenye miruko ya nguvu ambayo majaji hawakukubaliana namna ya kuithamini, alikataa kupanda jukwaa la washindi, na alipovishwa nishani ya fedha aliivua. Si lazima kusema kuwa Sato hakustahiki; alikuwa mtelezaji wa hali ya juu. Inatosha kusema kuwa mcheza kwao alitunzwa, na kuwa tarakimu hazikuizuia methali ya Waswahili kufika Chiba.

Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Nagano, Bonaly akijua kuwa nishani imemponyoka aliruka kinyumenyume hewani na kutua kwa mguu mmoja. Mruko huo ulikuwa umekatazwa na kanuni. Watazamaji walishangilia, majaji wakampunguzia, akamaliza katika nafasi ya kumi. Mwaka 2024 chama cha kimataifa cha mchezo huo kiliuondoa mruko wa namna hiyo katika orodha ya vilivyokatazwa. Mwanamke huyo alihitaji miaka 26 ili sheria imfikie pale alipokuwa amesimama.

Kashfa kubwa zaidi ilitokea mwaka 2002 huko Salt Lake City, katika mashindano ya jozi za mwanamume na mwanamke. Jaji mmoja wa Kifaransa alisema ameshinikizwa kuipa kura jozi ya Urusi, kisha akaikana kauli yake. Akasimamishwa, na jozi ya Canada ikapewa dhahabu ya pili. Kutokana na hayo, alama za sita zilifutwa mwaka 2004 na kuwekwa hesabu mpya, ambamo kila mruko una thamani yake na kila kosa lina bei yake. Pamoja na hesabu hiyo lilikuja jambo la ajabu: majaji walifichwa. Alama zilitangazwa, lakini haikuonyeshwa ipi ni ya nani, ili jaji asiogope vyama vya nchi yake. Chini ya utaratibu huo, mwaka 2014 huko Sochi, Mrusi Adelina Sotnikova aliyekuwa akicheza kwao alipata alama 224.59, na Yuna Kim wa Korea Kusini, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia, alipata 219.11. Wakorea walilalamika; malalamiko yao yakakataliwa. Mwaka 2016 usiri ule ulifutwa, na majina ya majaji yakarudishwa mbele ya alama zao.

Mlinganisho huu unafundisha nini? Kwanza, unaondoa dharau. Wako waliozoea kuitazama tunza ya Kariakoo kama ushamba, na kudhani kuwa dawa yake ni meza, karatasi na tarakimu. Tarakimu hazikuweza kuzuia upendeleo penye wataalamu, fedha na kamera. Mwamba ngoma huvutia kwake, awe ameshika noti au kalamu. Pili, unaonyesha jambo ambalo Kariakoo ililijua na barafu ikalisahau kwa zaidi ya miaka kumi: hakimu sharti aonekane. Yule mwanamke anayekwenda mbele na noti juu ya kichwa hajifichi. Jina lake linajulikana, mume wake anajulikana, ugomvi wake unajulikana, na kila mtu ukumbini anaweza kuipunguza hukumu yake kwa kadiri anavyomjua. Upendeleo ulio wazi una madhara madogo kuliko upendeleo uliovikwa joho.

Lakini kuonekana peke yake hakutoshi. Mtunzaji anaonekana, wala haelezi. Anaweka noti, anarudi kitini, na sababu inabaki moyoni mwake. Hilo ndilo pengo ambalo uhakiki uliwekwa kulijaza, nao kwa muda mrefu haukulijaza. Mhakiki wa haki angekuwa hakimu mwenye sifa mbili kwa pamoja: anaonekana, na anaeleza. Basi angeeleza nini?

Angeanza na pumzi. Wimbo wa taarabu aghalabu hujengwa kwa mishororo mitatu katika ubeti, kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane. Mwimbaji anayevuta pumzi katikati ya kipande anaukata mfupa. Anayevuta pumzi kwenye kiungo, baina ya kipande na kipande, anaufuata mwili wa shairi. Waimbaji wa miaka ya mipasho waliingia katika nyimbo zilizorefushwa, zenye vyombo vya umeme vilivyopigwa kwa kasi, na kasi hiyo ilificha mengi. Aliyebaki na pumzi safi ndani ya kelele hiyo alistahiki sifa zaidi ya yule aliyeimba mbele ya udi na fidla zenye subira.

Pili ni tamko. Mwimbaji anayegeuza "thamani" ikawa "samani" amemfanya mpenzi kuwa kabati. Kosa hili huchekesha, lakini si dogo, kwa sababu katika taarabu neno ndilo chombo cha kwanza, na vyombo vingine vyote vimekuja kulisindikiza. Tatu ni kituo, yaani uwezo wa kunyamaza. Mwimbaji bora huuacha mshororo ukae hewani kabla ya kuutua, na hadhira huinama mbele kuusubiri. Noti haziwezi kutunza ukimya, mhakiki anaweza.

Nne, na kubwa zaidi, ni fumbo. Fumbo jema lina vyumba viwili. Chumba cha nje kinakalika: mtoto anaweza kuuimba wimbo mbele ya bibi yake na wote wawili wasione haya, kwa kuwa unazungumzia ndege, mti, chombo baharini. Chumba cha ndani kina ufunguo, na wenye ufunguo wanajijua. Mpasho uliokosa chumba cha nje ni tusi lililopigiwa muziki, na uliokosa chumba cha ndani ni maelezo ya ndege. Kipimo hiki hakimpendelei mzee wala kijana, wa kisiwani wala wa bara. Zipo nyimbo za miaka ya 1990 zilizokuwa na vyumba vyote viwili zikapita bila ya kusifiwa kwa hilo, na zipo nyimbo za kale zinazoheshimiwa kwa ukale wake tu.

Tano ni mwili, na hapa mhakiki sharti awe mwangalifu. Taarabu ya zamani ilimtaka mwimbaji akae au asimame kwa utulivu, mkono na kitambaa vikifanya kazi yote. Taarabu ya kisasa imemwinua na kumtaka acheze. Wengi waliohukumu mageuzi hayo walimhukumu mwanamke badala ya mchezo: nguo yake, unene wake, umri wake. Hata barafuni haikuwa tofauti. Kuanzia mwaka 1988, baada ya vazi la Katarina Witt kuzua maneno, wanawake walilazimishwa kwa kanuni kuvaa sketi, na kanuni hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2004. Wanaume hawakupata kuandikiwa mambo mengi ya namna hiyo. Mwendo wa mwili ni sehemu ya sanaa na unastahiki kupimwa: je, bega linaufuata mshororo au linaukimbia? Je, mkono unafumbua fumbo mapema kabla ulimi haujafika? Hayo ni maswali ya kihakiki. Upana wa nyonga si swali la kihakiki.

Sita ni swali la mtunzi. Nyimbo nyingi zilizoimbwa na wanawake, za mke mwenza, za uchungu wa kuachwa, za fahari ya mwanamke aliyependwa, ziliandikwa na wanaume. Mwimbaji anapotunzwa kwa "maneno yake", maneno hayo aghalabu si yake, na wakati huo huo ni yake, kwa sababu karatasi haikuwa na uchungu mpaka aliposimama yeye. Mhakiki hana budi kuzitenganisha kazi hizi mbili kabla ya kuzisifu, ama sivyo atampa mmoja sifa ya mwenziwe.

Kipimo kama hiki kina adui wake, na mmoja wao yuko karibu mno. Visiwani kumekuwa na mazoea ya kuitaja taarabu ya Dar es Salaam kwa mdomo uliopinda. Husemwa kuwa iliharibika ilipovuka bahari, kuwa Kariakoo iliigeuza kuwa matusi, na kuwa iliyo halisi ni ile ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, na ya Culture. Madai hayo yana ukweli wake, ila yanasahau mawili. La kwanza ni kuwa Khadija Kopa mwenyewe alitoka Culture Musical Club kabla ya kwenda Dar es Salaam. Sauti iliyoimba mipasho ilifundwa Unguja. La pili ni kuwa Siti binti Saad, ambaye leo ndiye mizani ya kila kitu, alikuwa mtoto wa shamba kutoka Fumba aliyeingia mjini bila ya ukoo wa kumtetea, na nyimbo zake zilisema mambo ya mitaani ambayo wakubwa wasingependa yasemwe. Angehukumiwa kwa kipimo cha wanaoidharau Kariakoo, asingefika Bombay kurikodi santuri mwaka 1928. Mhakiki wa kisiwani anayekitunza kila cha kisiwani hana tofauti na wale majaji wa Chiba na Sochi wanaolaumiwa. Naye pia anavutia kwake.

Katika miaka ya 2000 lilikuja jaribio jingine, nalo likaingia kila nyumba yenye televisheni: mashindano ya kusaka vipaji, mashuhuri kati yake yakiwa Bongo Star Search, yenye majaji watatu mezani. Hapa Dar es Salaam ilipata kile kilichokosekana ukumbini, majaji wanaoonekana na wanaosema. Faida yake haikuwa ndogo. Vijana wa kike walisikia, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba wametoka nje ya ufunguo au wameisahau pumzi. Hasara ilikuwa kwamba maelezo yenyewe yaligeuzwa kuwa burudani. Kicheko cha jaji kilikuwa na soko kuliko sababu yake, na msichana aliyeshindwa alikumbukwa kwa namna alivyochekwa. Tena aliimba wimbo wa mwingine, mbele ya watu asiowajua, bila ya ugomvi wowote wa kuupeleka popote. Mwanamke wa lelemama alipotupa fumbo alijua kesho atakutana kisimani na aliyetupiwa. Hukumu ilikuwa na uzito kwa sababu maisha yaliendelea baada yake.

Siku hizi zile nyumba za vyumba sita zimebaki chache. Ghorofa zimeota juu ya nyua zake, na soko kubwa alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Katika maduka ya Mtaa wa Uhuru kanga bado zinauzwa, na maneno yaliyochapwa juu yake bado yanachaguliwa kwa uangalifu ule ule, kwa kuwa kanga nayo ni noti iliyoinuliwa juu ya kichwa. Watu hawajaacha kusemana kwa mafumbo. Walichopungukiwa ni mahali pa kukaa pamoja na kulipima fumbo kama kazi ya mkono wa fundi.

Neno "kutunza" lina maana mbili, na methali imezibeba zote. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi wakati anacheza. Kutunza pia ni kukilinda kitu kisiharibike. Maana ya kwanza Kariakoo iliitimiza kwa ukarimu mkubwa, noti zilimwagika. Maana ya pili haikutimizwa. Waimbaji walioujaza ukumbi walipopoteza sauti hawakuwa na kitu cha kuonyesha ila kanda zilizonakiliwa mara mia, zisizo na jina la mtunzi, zisizo na mwaka, pengine zisizo na jina lao wenyewe, ila jina la kundi. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, alimtunza Siti kwa maana hiyo ya pili, naye Siti alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1950. Bibi Titi ametunzwa na wanahistoria, kwa siasa yake. Kwa uimbaji wake bado. Wengi wa wenziwe, waliomtangulia na waliomfuata katika mitaa ile ile, hawajapata mtu wa kuandika hata walivyokuwa wakivuta pumzi.

Wapo hai bado waliokaa katika kumbi zile, wanaokumbuka nani aliimba nini, nani aliandika, na mshororo upi ulitunzwa na nani kwa ajili ya nani. Ushahidi wao ndio faili la kesi hii. Mhakiki anayetaka kuhukumu kwa haki aanze kwa kuwaendea hao, kalamu mkononi, kabla faili halijafungwa lenyewe.